Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya Lamu: tupimwe, na majibu yarudi visiwani

Waheshimiwa, wa kaunti na wa wizara,

Assalamu alaykum.

Mwaka 2004 kisiwa cha Lamu kiliingiwa na homa ya chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na kuumiza viungo. Ilianza kuonekana Mei, ikapamba moto Julai, ikaja kutulia Oktoba. Wachunguzi walipopima damu ya wakazi 288, walikuta asilimia 75 wameshaambukizwa. Kwa kisiwa kilichokadiriwa kuwa na watu 18,000, hesabu ikatoka kwamba walioambukizwa ni kama 13,500. Katika kila watu wanne, watatu. Ukubwa wa jambo lile ulijulikana siku damu ilipopimwa, na damu hiyo ilichukuliwa watu wakiwa wameshalala kitandani na kuinuka, wengine wakiwa bado wanatembea kwa kushika ukuta.

Kabla mwaka haujaisha, ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa. Mapema 2005 ukawa Ngazija, katika visiwa vya Komoro. Ukaenda Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, ambako thuluthi nzima ya watu wa kisiwa kile, kama 266,000, waliugua. Februari 2006 kulikuwa na wiki ambayo wagonjwa wapya walipita 40,000. Mwaka huohuo ukaingia Bara Hindi na kuwapata watu zaidi ya milioni moja. Wataalamu waliolinganisha vinasaba vya virusi walifuata nyayo zake kurudi nyuma, wakafika pwani yetu.

Sisemi haya kuwalaumu waliokuwa kazini mwaka ule. Ninachouliza ni hiki: homa kama ile ikiingia tena, mtaijua baada ya wiki mbili au baada ya miezi mitano? Kwa ninavyoona kutoka hapa nilipo, ni baada ya miezi mitano. Hofu hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na ni mjumbe wa kamati ya zahanati katika kisiwa cha Pate. Si daktari wala sijidai udaktari. Lakini kwa kazi ya kamati nimeyaona marejista, nimekaa na wauguzi wetu wakati wanajaza fomu za mwisho wa mwezi usiku kwa taa ya simu, na nimejifunza jinsi mgonjwa anavyogeuka kuwa namba, na jinsi namba hiyo inavyopotea njiani.

Mgonjwa anafika na homa, kichwa kinamgonga, viungo vinamvunja. Anatobolewa kidole, anapimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka. Ukitokea mstari mmoja tu, hana malaria. Na hapo ndipo njia inapokatika, kwa sababu zahanati haina kipimo kingine cha kumfanyia. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla hajapewa dawa, na kwa hilo tumefaidika sana. Nakumbuka enzi ambapo kila homa ilikuwa malaria bila kuulizwa. Lakini kipimo kile hujibu swali moja. Kinaweza kusema si malaria, kisha kinanyamaza. Ni nini basi? Hakuna wa kusema.

Sasa angalieni yanayofuata. Mgonjwa hataki kurudi nyumbani mikono mitupu, naye muuguzi hataki kumrudisha hivyo. Wengine wanapewa dawa ya malaria ingawa kipimo kimesema hawana. Wengine wanavuka kwenda maabara ya kulipia, wanafanyiwa kipimo cha Widal cha homa ya matumbo. Kipimo hicho wataalamu wamekionya siku nyingi, kwani kinaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyechanjwa, au mwenye homa nyingine kabisa. Mtu anarudi na karatasi iliyoandikwa taifodi na mfuko wa antibiotiki. Na kwa kuwa viungo vinamuuma, anachomwa sindano ya diklofenaki.

Hiyo sindano ndiyo inayoninyima usingizi. Dengi, homa nyingine ya virusi inayoenezwa na mbu, nayo huanza vivyo hivyo: homa kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho, mwili kuvunjika. Mwenye dengi anaweza kuvuja damu ndani ya mwili, na ndiyo maana miongozo ya tiba inakataza diklofenaki, ibuprofeni na aspirini mpaka shaka ya dengi iondoke. Mgonjwa apewe parasetamoli, anywe maji kwa wingi, aangaliwe. Tena hatari yake kubwa huja pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati ambapo jamaa wameshamshukuru Mungu kwamba mgonjwa wao amepoa. Dengi si mgeni hapa. Mlipuko wa kwanza kuandikwa nchini Kenya ulikuwa Malindi, mwaka 1982. Ni zaidi ya miaka 40 tangu tujue kwamba ugonjwa huu unaishi pwani yetu, na bado mtu wa visiwani anachomwa sindano kwa kubahatisha.

Na kuna kina mama. Mlipuko wa Réunion ulifundisha kwamba mama akiugua chikungunya siku za kujifungua anaweza kumwambukiza mtoto, na watoto wengine waliozaliwa hivyo waliugua vibaya sana. Mama mjamzito mwenye homa anayeambiwa "si malaria, nenda ukapumzike" hajaambiwa lolote la kumsaidia yeye wala mkunga wake.

Jirani yangu mmoja, fundi wa vyombo, alipata homa ya namna hiyo. Kituo kimoja kilimtoa damu, ikatiwa kwenye kichupa, akaambiwa itapelekwa mbali ikapimwe na majibu yatakuja. Homa ilimwacha, vidole vikabaki vimevimba hata hakuweza kushika tezo. Alirudi kuuliza majibu. Aliyemtoa damu alikuwa amehamishwa, na katika rejista hakukuwa na chochote cha kuonyesha kichupa kile kilikwenda wapi. Mpaka leo hajui aliugua nini. Mimi nalo swali langu ni dogo kuliko lake: je, kuna mahali popote nchini ambapo homa ya mtu huyu imehesabiwa kama homa isiyojulikana, ili mwenye kuangalia aone kwamba mtaa wetu ulikuwa na wengi kama yeye?

Nijibu kwa nilichokiona. Mwisho wa mwezi, wagonjwa wote wa nje wanajumlishwa katika fomu za MOH 705, moja ya watoto chini ya miaka mitano na moja ya waliozidi umri huo. Aliye na homa isiyo malaria anaingizwa katika mojawapo ya safu zile pana: homa, au maumivu ya viungo, au magonjwa mengine. Jumla inapanda kwenye mfumo wa taifa wa takwimu za afya, ule ambao Kenya iliueneza nchi nzima tangu 2011. Ule mfumo ni mzuri, na nchi nyingi zilikuja kujifunza kwetu. Ila mfumo hauwezi kukwambia usichokitia. Ukitia "homa", utatoa "homa". Wagonjwa 30 wa chikungunya wakigawanywa, 10 safu hii, 10 safu ile, 10 kwa magonjwa mengine, hakuna safu itakayoonekana imeruka, na mlipuko utapita katikati ya karatasi bila kugusa popote.

Iko pia fomu ya kila wiki, MOH 505, ya magonjwa yanayotakiwa kuripotiwa haraka. Hiyo ndiyo iliyowekwa kutuamsha. Lakini ili muuguzi aandike kitu humo lazima ashuku kwanza, na ili ashuku lazima awe ameelezwa nini kinatembea kwa jirani. Nani anamweleza? Taarifa zinapanda juu kila wiki. Za kushuka, katika miaka yote niliyokaa kwenye kamati, sijawahi kuziona zimebandikwa ukutani. Muuguzi wa Pate hajui Kiunga kuna nini. Wa Kiunga hajui Mpeketoni kuna nini. Anayejua ni aliye na kompyuta na neno la siri, naye yuko mbali na mgonjwa.

Na hata pale vipimo vinapofanyika, tunatangaziwa nusu ya hesabu. Mtoto akirudi nyumbani akasema amepata 12, mzazi yeyote atauliza: kati ya ngapi? Redioni tunasomewa kwamba wagonjwa 12 wamethibitishwa, basi, habari inayofuata. Kati ya wangapi waliopimwa? 12 kati ya 15 ni moto umeshika paa. 12 kati ya 600 ni jambo la kuangaliwa kwa utulivu. Wiki inayofuata tukiambiwa wamethibitishwa 4, ugonjwa umepungua, au vipimo vimekwisha stoo? Bila idadi ya waliopimwa, hakuna mtu duniani anayeweza kulijibu swali hilo, hata awe profesa.

Sifuri ndiyo mbaya zaidi. Kuna sifuri ya mahali palipopimwa watu 40 wenye homa wasipatikane na kitu. Hiyo ni habari njema, mtu alale. Na kuna sifuri ya mahali ambapo hakuna aliyepimwa hata mmoja. Katika jedwali zote mbili zinaandikwa sawasawa, na anayesoma Nairobi anaona visiwa viwili vyenye afya. Nawaomba kwa dhati, kuanzia sasa pale ambapo hapakupimwa mtu paandikwe "hapakupimwa". Neno hilo halihitaji bajeti.

Tulipitia haya tena wakati wa korona. Kufikia mwisho wa Mei 2020 Kenya ilikuwa imethibitisha wagonjwa kama 2,000 tu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome kule Kilifi walipochunguza damu ya watu waliochangia damu, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, wakarekebisha hesabu zao, walikadiria kwamba kiasi cha asilimia 4.3 walikuwa tayari na kingamwili, yaani alama kwenye damu kwamba mwili umeshapambana na virusi. Katika nchi ya watu kama milioni 50, asilimia hiyo ni watu wengi mno ukiilinganisha na wale 2,000. Ni somo lilelile la Lamu ya 2004: kilichothibitishwa na kilichopo ni vitu viwili, na kinachovitenganisha ni upimaji.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sidhani mnaficha, waheshimiwa. Ninavyoamini mimi, hamuoni. Na asiyeona anaweza kusaidiwa aone, ndiyo maana naendelea kuandika.

Tuzungumzie safari ya kichupa kile cha damu. Kwa aliyezoea bara, sampuli hutiwa kwenye gari ikafika. Kwetu hutoka kijijini kwa bodaboda hadi Mtangawanda, husubiri boti, na boti nayo husubiri maji yajae. Inafika Amu, mji wa Lamu. Kutoka hapo ivuke tena kwenda Mokowe, ishike barabara ya Witu na Garsen hadi Malindi na Kilifi, au ivuke Manda kupanda ndege kwenda Nairobi, ikiwa ipo nafasi na ikiwa kuna aliyelipia. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, boti hazitoki. Mchana kutwa jua linapiga, na barafu kwenye kisanduku inayeyuka.

Na virusi hivi vina saa yake. Katika siku tano hivi za mwanzo za homa virusi vyenyewe viko kwenye damu, na kipimo cha vinasaba kinaweza kuvikamata, mradi damu imehifadhiwa kwenye baridi. Baadaye virusi hupungua na kingamwili huanza kuonekana, kwa hiyo kipimo kinachofaa ni kingine. Ndiyo kusema kichupa kisichoandikwa tarehe homa ilipoanza kinaweza kupimwa kwa kipimo kisichofaa, kikarudisha "hapana" ya uongo. Nimeona vichupa vyenye jina la mgonjwa na tarehe ya kutolewa damu pekee. Tarehe ya homa kuanza, ambayo mgonjwa mwenyewe anaijua vizuri kuliko yeyote, haikuulizwa.

Wapo pia wasiohesabika kabisa. Wengi wetu tukiugua kituo cha kwanza ni duka la dawa. Kijana anaeleza dirishani, anapewa vidonge, anakwenda zake. Hakuna rejista. Na mwenye duka ndiye anayejua kabla ya wote kwamba wiki hii parasetamoli imekwisha mara mbili! Hakuna anayemuuliza. Wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba na simu nchi nzima mwaka 2023, wanaingia nyumba hadi nyumba na wanajua nani amelala. Nawasifu, wengi wao ni wanawake wanaotembea kwenye mchanga juani kwa malipo madogo. Wakiagizwa kuuliza swali moja la ziada, "kuna mwenye homa na maumivu ya viungo humu wiki hii?", tungekuwa na jicho ambalo hakuna hospitali iliyo nalo.

Jambo la mauti nalisema kwa adabu, kwa kuwa ni zito. Sisi Waislamu tukifiwa tunaharakisha maziko. Aliyefia nyumbani asubuhi, alasiri ameshazikwa. Haulizwi aliugua nini, na sheria ya dini yetu siombi iguswe. Lakini kifo cha nyumbani hutakiwa kuandikwa na naibu wa chifu, na fomu ina mahali pa kueleza sababu. Sababu inayoandikwa mara nyingi ni "homa" au "ugonjwa wa muda mfupi". Mtumishi wa afya akienda kwa wafiwa baada ya siku za matanga, akakaa mkekani, akauliza kwa upole homa ilianza lini, damu ilitoka wapi, alipewa dawa gani, watamwambia. Vifo vitano vya namna moja katika mtaa mmoja vingejulikana. Maimamu wetu wanajua idadi ya majeneza waliyoyasalia kila mwezi. Sijasikia idara yoyote ya afya ikiwauliza.

Nasikia pia, na niliseme wazi, kwamba kutangaza maradhi kutafukuza watalii. Naelewa uzito wake. Nina wanafunzi wangu wanaopika katika nyumba za wageni za Shela na wanaoendesha mashua za matembezi, nao wakikosa kazi ninajua nyumba zitakazokosa chakula. Lakini mgeni akiondoka na homa yetu atapimwa kwao, na jibu litatangazwa kwao. Hapo habari ya Lamu itatoka kwa wengine kabla haijatoka kwetu, nasi tutakuwa wa kujitetea. Na wageni si watalii tu. Wakati wa Maulidi mji unajaa watu wa kutoka pwani yote na ng'ambo. Tangu Mei 2021 bandari mpya inapokea meli. Mji unaopokea watu kiasi hiki unastahili kujua kila wiki ni homa gani inatembea ndani yake.

Najua mtasema fedha. Basi tuangalie tena ile namba ya 2004. Walipimwa watu 288. Watu 288, wakiwa wamechaguliwa kwa utaratibu, walitosha kutueleza habari za watu 18,000. Hakuna anayewaomba mpime kila mwenye homa katika kaunti nzima. Chagueni vituo vichache: kimoja Amu, kimoja Pate, kimoja upande wa Kiunga, kimoja Mpeketoni au Witu. Kila wiki, mwaka mzima, iwe kuna mlipuko au hakuna, watolewe damu wagonjwa wachache wa kwanza wenye homa isiyo malaria, kwa idadi ileile kila wiki, ili wiki na wiki zilinganishwe. Sampuli zipelekwe siku maalumu ya wiki, na mtu mmoja anayejulikana awe na dhamana ya safari yake kuanzia jetini hadi maabara. Kilifi si mbali kiasi hicho. Wakati wa korona sampuli za kaunti za pwani zilipimwa huko. Mlipuko ukithibitishwa, hata hakuna haja ya kupima kila mtu tena; wachache wanatosha kuonyesha unapanda au unashuka, na vipimo vya haraka vibakizwe kwa wajawazito, watoto wachanga na wenye dalili za hatari.

Hapo tutajua na pa kupigania. Mbu wa aedes, anayeeneza chikungunya na dengi, huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku, pamoja na wema wake wote kwa malaria, hakimzuii. Huzaliana kwenye maji ya kukaa nyumbani: mapipa, mitungi, majabia, birika za misikiti. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mlipuko wa 2004 ulitanguliwa na ukame na joto lisilo la kawaida, na ikaonekana kwamba maji yaliyohifadhiwa majumbani bila kubadilishwa mara kwa mara huenda ndiyo yaliyowapa mbu makazi. Sisi tunaweka maji kwa sababu hayatoki kila siku. Wazee walitia samaki wadogo katika birika ili wale viluwiluwi vya mbu, na zipo nyumba zinazoendelea kufanya hivyo. Mkituambia kwa wakati kwamba homa iko Faza na haijafika Siyu, watu wa Siyu watafunika mapipa yao wiki hiyohiyo. Mkituambia baada ya miezi mitano, tutafunika nini?

Majibu yarudi. Naomba hili lisichukuliwe kuwa la mwisho kwa sababu nimelichelewesha. Aliyetoa damu yake ana haki ya kujua imesema nini, hata kama ameshapona. Muuguzi aliyejaza fomu ana haki ya kuona jumla ya kaunti wiki inayofuata. Karatasi moja yatosha, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye zahanati, msikitini, kanisani na kwenye ofisi ya chifu: wagonjwa wa homa wangapi, waliopimwa wangapi, kwa kipimo gani, waliopatikana na ugonjwa wangapi, sampuli ngapi bado ziko njiani, kata kwa kata. Majina yasiwemo. Sheria ya kulinda data ya 2019 inawataka mlinde siri za watu, na katika visiwa ambavyo kila mtu anamjua mwenzake hilo ni la kuzingatiwa sana. Pale wagonjwa walipo wawili au watatu tu, zitajwe kata kwa pamoja badala ya mtaa. Lakini siri ya mgonjwa isifanywe kisingizio cha kuficha jumla.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu anayeomba, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Kamati yetu itawasilisha ombi la maandishi chini ya sheria hiyo. Tutaomba, kwa kila kituo cha kaunti na kwa miezi 12 iliyopita: idadi ya wagonjwa wa homa waliopimwa malaria na kukutwa hawana, wangapi kati yao walitolewa damu kwa uchunguzi wa dengi na chikungunya, sampuli hizo zilikwenda maabara ipi, majibu mangapi yalirudi, na baada ya siku ngapi. Pale ambapo hakuna rekodi tutaomba iandikwe kwamba hakuna.

Nakala ya barua hii nimewapa wajumbe wenzangu wa kamati, na wahudumu wa afya ya jamii wa kisiwa chetu wameisoma kabla yenu. Tuko tayari kukaa nanyi siku yoyote mtakayoitaja, huko Amu au hapa kwetu, na marejista yetu tutakuja nayo.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya zahanati,
Kisiwa cha Pate, Lamu